Ukurasa wa Mwisho wa Bwana Ngojeni

Mmeniuliza nyote, mmoja mmoja na kwa makundi, kwa nini nilikwenda Lilongwe na bomba zima la plastiki la kubebea michoro, nikarudi na ukurasa mmoja tu, tena wenye kiraka. Nimemjibu kila mtu kivyake, nusunusu, na sasa majibu yangu hayafanani. Bora niandike mara moja, nifuate njia yenyewe ilivyokwenda. Habari za vibali na mihuri naziacha. Mnazijua.

Kwanza, kwa wale wanaodhani ninakusanya magazeti: hapana. Ninakusanya michoro halisi ya katuni za magazeti ya zamani, yaani ile karatasi ngumu ambayo mchoraji aliiinamia na wino wake kabla haijapelekwa kupigwa picha kiwandani. Watu wamekimbia na vitu vya ajabu. Mwalimu mmoja Mrundi hapa kambini Dzaleka alikuwa na minne ndani ya godoro. Alinionyesha mwaka niliomaliza chuo, wakati sina kazi na sina pa kupeleka mawazo yangu, nikaambukizwa.

Miezi minane iliyopita nilifika Area 49, mtaa wa Lilongwe, kwa Papa Zihalirwa, mzee wa Bukavu, ambaye wakati wa Zaire alichora katuni ya kila wiki ya Bwana Ngojeni, karani wa dirishani aliyemwambia kila mtu angoje. Mzee alikuwa na kurasa thelathini ndani ya gunia la mahindi. Kumi na mbili zilikuwa safi, mistari myeusi juu ya weupe mtupu. Kumi na nane zilikuwa chafu: mistari ya penseli ya bluu kila mahali, madoa ya rangi nyeupe, na maneno yaliyoandikwa kwenye vipande vya karatasi na kubandikwa kwa gundi iliyokwisha kuwa ya kahawia. Nilichukua zile safi. Hizo nyingine nilizisogeza kando kwa mkono wangu, nikasema, "Hizi ni za kujaribia tu, Papa. Mnaweza kuzitumia kwa lolote."

Papa Zihalirwa alizikusanya kwa kupapasa, akazirudisha guniani.

Zile kumi na mbili mliziona, nilizitundika ukumbini. Siku ile ile mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji Bujumbura alipitisha ukucha juu ya mmoja na kutikisa kichwa. "Mademoiselle, huyu wino hana mwili. Hii ni foto." Akanieleza kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. Kamera ya kiwandani haioni penseli ya bluu, ndiyo maana mchoraji haifuti. Rangi nyeupe inaficha makosa. Maneno hubandikwa mwishoni. Mchoro halisi lazima uwe mchafu. Ule msafi ni picha iliyopigwa kutoka kwa mchafu. Mimi nilichagua picha na kuacha michoro.

Ilinichukua wiki tatu kupiga simu, kwa sababu kwanza niliandika nitakachosema, kisha nikaandika atakachojibu. Papa Zihalirwa hakujibu hata kimoja nilichoandika. Alisema, "Kuya, binti. Utafute ule ukurasa wa mwisho, wa dirisha. Mi macho imekwisha. Nataka mutu anisomee nilimalizaka aje." Binti yake, Mama Ombeni, ambaye ni fundi cherehani, akachukua simu: "Kuya Jumatatu, mbele ya saa sita. Kurasa haziko zote hapa. Tutaenda pamoja kuziuliza."

Dzaleka hadi barabara kuu

Jumatatu niliondoka saa kumi na mbili asubuhi kwa kabaza. Mwenye baiskeli alikuwa kijana mwembamba aliyeimba, na mnyororo wake ulianguka mara tatu kabla hatujaifikia lami. Mara ya kwanza nilimsaidia kushika baiskeli. Mara ya pili nilianza kufikiri kama ni uzito wangu au wa mkoba. Mkobani nilikuwa na lile bomba la plastiki, kilo mbili za sukari, sabuni ya mche, na kioo cha kukuzia nilichonunua baada ya aibu ya ukumbini. Mara ya tatu nilishuka, nikamwambia nitatembea.

"Kwani umekasirika, sister?" aliuliza.

"Hapana. Naogopa kukuchosha."

"Mi nimelipwa nichoke," akasema kwa Kiswahili cha kambini, akacheka, akanipandisha tena.

Barabarani basi dogo la kwanza lilijaa, la pili halikusimama. Likaja lori la tumbaku. Dereva, mtu mzima wa shavu nene, alifungua mlango na kusema kwa Kiswahili cha Dar es Salaam kabisa, "Panda, dada. Kanengo nusu saa." Jina lake Bambo Phiri, yaani Bwana Phiri. Aliwahi kuendesha malori ya mafuta kwenda na kurudi Dar kwa miaka mingi, na alifurahi mno kupata mtu wa kuongea naye. Utingo wake akauchukua mkoba wangu, akautupa nyuma juu ya marobota, akaupitishia kamba na kuufunika turubai.

Nilitaka kusema nitaushika miguuni. Sikusema. Niliona nitaonekana kama nawadhania wezi.

Kanengo, siku nzima

Nusu saa ilikuwa kweli. Saa mbili na robo tulikuwa Kanengo, eneo la viwanda la Lilongwe, nyuma ya foleni ya malori mengine ya tumbaku, mbele ya geti refu la kijani.

"Dakika kumi tu," alisema Bambo Phiri. "Tukishusha, nakupeleka mpaka njia ya Area 49."

Kutoka pale hadi kwa Mama Ombeni ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Niliujua. Ningeweza kushuka, nikafika saa nne, na saa sita tukawa Area 36, zilikokuwa kurasa nyingine. Nimepiga hesabu hii mara nyingi tangu nirudi, na kila mara inatoka vile vile.

Lakini mkoba ulikuwa chini ya turubai. Nikimwambia afungue kamba, foleni ikisogea je? Atapoteza zamu kwa ajili yangu. Halafu ameshanipa lifti kwa moyo, hakutaka hata nauli. Nikishuka njiani atadhani nimemdharau. Nikaamua kungoja dakika kumi. Zilipoisha nikaamua kungoja mpaka lori moja lisogee. Liliposogea nikaona itakuwa upuuzi kuondoka wakati foleni imeanza kutembea.

Saa tano Bambo Phiri alininunulia mandasi na chai ya maziwa. Saa saba tulikula nsima, ugali wa huku, na usipa, dagaa wa ziwani, kwa mama mmoja aliyepika chini ya bati kando ya ukuta, na akanifundisha kuviringisha tonge la nsima vizuri kwa sababu, alisema, langu lilikuwa la kizungu. Harufu ya tumbaku ilikuwa kali kiasi kwamba usipa nao ulikuwa na ladha ya tumbaku. Saa nane simu yangu ilikufa, kabla sijamaliza kupanga nitakachomwambia Mama Ombeni. Saa tisa tulikuwa tumekaa kwenye ngazi ya lori tukinywa thobwa, togwa ya huku, naye ananisimulia jinsi alivyokwama Tunduma siku kumi na moja na mzigo wa sabuni.

"Mbona una mawazo, dada? Kuna mgonjwa?"

"Kuna watu wananisubiri tangu saa sita."

"Saa sita ya leo?" Akaniangalia kama mtu anayeangalia tairi lililopasuka. "Sasa umekaa hapa unafanya nini?"

"Mkoba wangu uko chini ya kamba."

Bambo Phiri alisimama, akaenda nyuma, akavuta ncha moja ya kamba. Fundo lilifunguka lenyewe. Akaniletea mkoba mkononi. Haikuchukua hata dakika moja.

"Si ungesema?" aliniuliza. Hakunicheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ningefungua asubuhi."

Area 49

Nilifika jua limeinama, miguu imejaa vumbi jekundu. Mama Ombeni alikuwa mlangoni na futi ya kupimia shingoni.

"Mademoiselle! Tulikungoja mpaka tukachoka. Nilivaa ata viatu vya kutoka, nikavivua."

Nikaanza kueleza habari ya kamba. Alinisikiliza hadi nusu, akasema, "Ingia kwanza, sombe inapoa."

Tulikula fufu na sombe, yaani ugali na kisamvu, na wakati wa kula nikaelewa kilichotokea kwa zile kurasa kumi na nane. Karatasi yao ni ngumu, haijikunji, haichaniki. Fundi cherehani anatafuta karatasi kama hiyo kila siku, kwa ajili ya patroni, zile ruwaza anazoziweka juu ya kitambaa ili akate mkono, kola au shingo bila kupima upya. Msichana aliyesoma alikuwa amesema zinaweza kutumika kwa lolote. Mama Ombeni alikata sita kwa kazi yake. Zilizobaki alimpa mwenzake wa kwaya, Mama Wabiwa, anayeshona sare za shule huko Area 36.

"Mi sikujua, mademoiselle. We njo ulisema."

"Ni mimi," nikasema. "Ni mimi niliyesema."

Papa Zihalirwa alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kofia ya sufu kichwani, uso umeelekea sauti zetu. Nikamuuliza swali lililonitesa tangu siku ya ukucha: kwa nini siku ile hakunikatalia?

"Binti, mi nilikuwa mchoraji wa gazeti," alisema. "Kwa gazeti kulikuwa redakteri, muhariri. Redakteri anachagua, mchoraji anafunga mdomo, anabeba yenye imebakia, anarudi kwake. Miaka kumi na mbili nilifanya vile. We ulikuya na kalamu na kitabu, ukachagua. Nikasema, redakteri amefika."

Mama Ombeni alicheka kidogo. Mimi sikuweza.

Kisha akaniambia habari ya ukurasa wa mwisho, na hapo ndipo safari hii ilipoacha kuwa ya mkusanyo wangu. Bwana Ngojeni hakuwa mtu wa kubuni. Alikuwa kaka yake mkubwa, karani wa dirishani pale mjini.

"Alinizuilia karatasi ya kuoa miezi ine. Mi, mudogo wake! Anafungua dirisha, ananiangalia, anasema 'Ngojeni.' Bon, nikamuchora. Muji mzima ulicheka. Batoto walikuwa banamufwata na njia, 'Ngojeni! Ngojeni!' Akakuya kwangu siku moja, akasimama pa mulango, akasema tu, 'Umenimaliza.' Hatukuongea tena."

Baada ya hapo alichora hadithi ya mwisho. Ndani yake Bwana Ngojeni mwenyewe anapanga foleni, kurasa tano nzima anasogea hatua moja moja, na kwenye picha ya mwisho dirisha linafunguka, na aliyekaa ndani ni yule mama wa hadithi ya kwanza, ambaye yeye alimfukuza. Mama anafungua mdomo anamwambia kitu. Gazeti lilifungwa kabla ukurasa ule haujatoka. Kaka akafa. Vita ikaja.

"Alimuambia nini, Papa?"

"Njo nakuuliza we. Sikumbuki. Niliandika nikiwa na hasira, ao nilikuwa nimekwisha kumuhurumia? Miaka yote ukurasa ulikuwa mu gunia na sikuufungua, niliogopa. Siku ulikuya nikasema, huyu atausoma kwa sauti, nitasikia, itakwisha. We ukauweka kando."

Mama Ombeni alijaribu kumpigia Mama Wabiwa. Simu yake ilikuwa imezimwa. "Kesho asubui," alisema. "Haina shida. Wabiwa hana haraka ya kukata."

Area 36

Jumanne nilikwenda peke yangu, kwani Mama Ombeni alikuwa na gauni la harusi la kumalizia. Nilipanda mabasi mawili, nikashuka kituo kimoja mbele ya kile nilichoambiwa kwa kuogopa kumpigia kelele kondakta, nikarudi kwa miguu katikati ya soko, nikiuliza fundi wa sare mpaka nikaoneshwa kibanda chenye mlango wa bluu.

Mama Wabiwa ni mwanamke wa Fizi, mkubwa, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Sikuwa nimemaliza salamu.

"We njo mademoiselle wa makaratasi! Ingia. Mbona mwembamba ivi? Kusoma kunakula nyama?"

Ukutani, kwenye misumari, zilining'inia patroni zake. Niliziona kabla ya kumwona yeye vizuri. Mkono wa shati wenye foleni ya watu wadogo wadogo. Kola yenye nusu ya uso wa Bwana Ngojeni, jicho moja na sharubu moja. Mfuko wa kifuani wenye mkono ulioshika muhuri. Wino ulikuwa na mwili. Uling'aa kidogo kwenye mwanga wa mlangoni, na chini yake penseli ya bluu ilionekana kama mishipa.

"Ule wa sharubu ananiangalia tangu mwezi wa jana," alisema Mama Wabiwa. "Nimemupa jina la bwana yangu. Ata yeye kazi yake ni kuangalia."

Nikamuuliza kama kuna ukurasa wenye dirisha linalofunguka. Akafikiri. Akavuta chini ya meza ukurasa mzima, wa mwisho kutoka ndani ya gunia, na kwa sekunde moja nilidhani nimeokoka. Kisha akauinua kwenye mwanga, na katikati, upande wa kulia, kulikuwa na tundu la mviringo, safi, kubwa kama sahani ndogo.

"Shingo ya sweta ya batoto ba primaire," alisema kwa fahari. "Nimekata muzuri, eh?"

Tundu lilikuwa limepita ndani ya picha ya mwisho. Dirisha lilikuwapo. Bwana Ngojeni alikuwapo, kofia mkononi. Mama wa ndani alikuwapo, mdomo wazi. Ile duara ya maneno iliyotoka mdomoni mwake ilibaki ukingo tu wa juu, na doa la gundi ya kahawia.

"Kile kipande cha katikati kiko wapi, Mama?"

"Kipande? Niliwasha nacho mbaula, lile jiko la makaa, ya pasi."

"Lini?"

"Jana. Jana saa tisa, ivi. Niliacha ukurasa ule nyuma kwa sababu ulikuwa muzuri, nikasema nitaukata nikikosa ingine. Jana nikakosa."

Jana saa tisa nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya lori nikinywa thobwa.

Nadhani nilikaa chini, maana alinipa maji. Nikamwomba ukurasa. Alikubali, lakini hakuwa na namna ya kukata sweta za wiki bila ile shingo, hivyo tukapatana nimtengenezee nyingine. Alinipa katoni ya mafuta ya kupikia na mkasi. Ningemaliza kwa robo saa. Nilimaliza alasiri. Nilimuuliza kama nikate ndani ya mstari au nje yake, kama niache nafasi ya mshono, kama katoni ikipinda itaharibu, kama upande wenye maandishi uwe juu au chini.

"We, unaomba karatasi ruhusa?" aliniambia. "Kata! Ukikosea, katoni ziko mingi."

Nilikosea mbili. Ya tatu aliipitisha kichwani mwa mwanawe wa darasa la pili, akasema inafaa. Sikuomba zile nyingine za ukutani. Zilikuwa kazini, na mimi ndiye niliyezipeleka huko. Alinilaza kwake, na asubuhi akanipa viazi vitamu vya kuchemsha vya njiani. Tulipoagana aliniuliza kwa sauti ya chini, ya kwanza niliyoisikia kwake, "Kile kipande kilikuwa na maana sana?"

Nikasema hapana. Kama ni kuhesabu uongo wa safari hii, anzeni na huo.

Kurudi Area 49

Njiani nilipanga maneno. Nitamwambia Papa Zihalirwa kipande kimeungua, kimeungua kwa sababu nilichelewa, na nilichelewa kwa sababu niliona haya kuomba mtu afungue kamba. Niliyarudia kwenye basi la kwanza, nikayarudia kwenye la pili. Yalikuwa maneno mafupi na ya kweli, na nilipofika mlangoni nilikuwa nayo yote.

Alikuwa amenyoa. Alikuwa amevaa shati jeupe. Mama Ombeni alinieleza baadaye kwamba ameomba shati hilo tangu alfajiri.

Niliuweka ukurasa magotini pake. Vidole vyake vilipita juu ya wino polepole, kama mtu anayetafuta kifungo gizani. "Hii njo foleni," alisema. "Hii njo kofia." Akafika kwenye tundu. Vidole vikazunguka ukingo wake, mara mbili.

"Imekatwa."

"Ndiyo, Papa. Ilikatwa shingo ya sweta."

"Na maneno?"

Ningeweza kusema lile nililolibeba. Nilimwangalia, na kichwa changu, ambacho huwa hakiishi kujadiliana, kilinyamaza kimya kabisa, na nikasikia sauti yangu ikisema, "Kipande kiliingia motoni. Lakini nilikisoma kabla."

Tazameni uongo huo ulivyokaa. Ulimpa yeye maneno, na mimi ukanifikisha Area 36 kwa wakati.

"Soma," alisema.

Nilijua, au nilidhani najua, palikuwa na nini. Mtu mwenye hasira, akimchora kaka yake mbele ya dirisha, angeandika neno moja tu, na sote tunalijua. Lakini ile duara ilikuwa pana mno kwa neno moja. Au labda nilijiambia hivyo tu. Nikasema:

"Mama anamwambia, 'Ingia ndani, ukae. Umesimama sana.'"

Papa Zihalirwa alivua kofia yake ya sufu, akaiweka juu ya ukurasa. Mama Ombeni alisimamisha cherehani.

"Mi njo niliandika vile?"

"Ndiyo, Papa."

"Ingia ndani, ukae." Aliyasema polepole, kama anayapima mdomoni. "Kumbe nilikuwa nimekwisha kumusamehe. Na mi sikujua. Miaka yote ile, sikujua." Machozi yalimtoka bila uso kubadilika.

Nilidhani imeishia hapo. Lakini yeye alikuwa fundi wa kazi yake, na ukurasa haujakamilika bila maneno. Alimtuma binti yake karatasi nyeupe na gundi. Akanifundisha: kipande cha katoni nyuma kuziba tundu, karatasi nyeupe juu yake, duara imaliziwe kwa wino, na maneno yaandikwe pembeni, kwenye kipande chake. "We andika. Mi siwezi tena. Herufi kubwa, zisimame sawasawa." Niliandika. Herufi hazikusimama sawasawa. Nilipomaliza alinyoosha kiganja, nikampa kile kipande, naye akakipaka gundi kwa kidole, akatafuta ukingo wa duara kwa kidole kingine, na akakibandika mwenyewe. Alikibandika sawa kabisa. Miaka kumi na mbili ya kazi.

"Voilà," alisema. "Sasa umekamilika. Upeleke, redakteri."

Nikakataa. Nikasema ubaki naye. Alisema ukurasa wa mchoraji haukai kwa mchoraji.

Asubuhi yake Mama Ombeni alinisindikiza mpaka njiani, akanifungia mandasi kwenye kitambaa. Pale tulipoagana alisema, bila kuniangalia, "Wabiwa alinipigia jana usiku. Aliniambia alikata na kuchoma siku gani, saa ngapi." Nilingoja aseme lingine. Alirekebisha futi yake shingoni. "Fika muzuri," akasema, akarudi kushona.

Nyumbani

Alhamisi nilirudi kwa basi, bila foleni, bila kukwama, kwa muda wa saa mbili tu. Ndiyo safari pekee katika zote iliyokwenda kama ilivyopangwa.

Sasa mnaniomba niutundike ukumbini, na wawili kati yenu mmekwisha kuupiga picha na simu na kutuma yale maneno kwa jamaa zenu. Mmeniambia yamewaliza. Nawaomba muache. Foleni ni yake, dirisha ni lake, gundi ni yake na vidole vilivyobandika ni vyake. Mwenye kioo cha kukuzia ataona kila kitu ni halisi. Lakini maneno ni yangu, na aliyoyaandika yeye sitayajua, na yeye hatayajua, kwa sababu nilikaa siku nzima Kanengo nikimheshimu dereva.

Nimefikiri kumpigia nimwambie kweli. Nimeandika nitakachosema. Jumapili, kabla sijamaliza kuandika, alipiga yeye. Ametoa ushuhuda kanisani, alisema, mbele ya bantu bote, na sasa dada zake walioko Uvira wanataka kusikia. Amewaunganisha kwenye simu. Wako wanangoja.

"Soma tena, binti," alisema. "Soma kwa sauti."

Nikasoma. Sikuhitaji kuutazama ukurasa.